Maisha ya Profesa Z. K. Matthews, Mwalimu na Mwanasheria

Mwalimu mwanafunzi anayefundisha Historia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hufika mahali pa kuwaeleza watoto jinsi nchi za kusini mwa Afrika zilivyokombolewa. Aghalabu majina hutajwa upesi upesi, watoto huyaandika katika madaftari yao, na kengele hulia. Wakati fulani, huko Kihurio, nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa nikitazama mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mwanafunzi alimtaja Nelson Mandela, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasimama akauliza ni nani aliyemfundisha Mandela. Mwalimu hakuwa na jibu. Nami, niliyekuwa na kalamu mkononi tayari kumpa alama, nililijua jina tu, wala sikuweza kulieleza kwa dakika mbili. Makala haya ni jibu la swali la mtoto yule, nalo ni refu kuliko alivyotazamia.

Zachariah Keodirelang Matthews, ambaye watu walizoea kumwita Z. K., alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1901 karibu na Kimberley, mji wa machimbo ya almasi katika Afrika ya Kusini. Baba yake alifanya kazi machimboni. Kwa upande wa baba asili yao ilikuwa Wangwato, watu wa nchi ambayo leo ni Botswana, na kwa upande wa mama walikuwa Warolong. Asili hiyo ya Kingwato yafaa kukumbukwa, maana itarudi mwishoni mwa habari hii. Katika Jimbo la Rasi la siku zile, mwanamume Mwafrika aliyekuwa na mali na elimu ya kiasi kilichowekwa na sheria aliweza kupiga kura pamoja na wazungu. Haki hiyo ilikuwa nyembamba, tena wengi hawakuifikia, lakini ilikuwapo, na mtoto aliyekulia Kimberley alikua akijua kwamba sheria inaweza kumpa mtu mweusi kitu. Mwaka 1936, Matthews akiwa mtu mzima, bunge la wazungu liliwatoa Waafrika katika daftari hilo la kura. Alijua basi kutokana na maisha yake mwenyewe kwamba sheria hutoa, na sheria hunyang'anya.

Mwaka 1916 aliingia shule ya misheni ya Lovedale, iliyokuwa mashuhuri kuliko zote kwa Waafrika wa kusini. Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili ya mto katika mji mdogo wa Alice, kilifunguliwa Chuo cha Wenyeji cha Afrika ya Kusini mahali palipokuwa na ngome ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Fort Hare. Jina la ngome lilishinda jina la chuo, na hata leo chuo kikuu kile chaitwa Fort Hare. Matthews alijiunga nacho mwaka 1918. Wanafunzi walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa bado wanasoma masomo ya sekondari. Mwishoni mwa mwaka 1923 alifaulu mtihani wa shahada ya kwanza uliotungwa na Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kupata shahada wakiwa wamesomea ndani ya nchi ile. Waliotangulia walikuwa wamelazimika kusafiri hadi Uingereza au Marekani.

Tunaye sasa kijana wa miaka 22 mwenye shahada ambayo watu wake hawajaizoea. Alifanya nini nayo? Alikwenda kufundisha. Mwaka 1925 aliwekwa kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya Adams, karibu na Amanzimtoti katika jimbo la Natal, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hapo hapo Adams, katika upande wa mafunzo ya ualimu, alikuwapo mwalimu mwingine kijana, Albert Luthuli, ambaye baadaye alikuwa chifu, kisha Rais wa chama cha African National Congress, na ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Wote wawili walikitumikia chama cha walimu Waafrika wa Natal, wakaanzia huko kujifunza kazi ya mikutano, kumbukumbu, na kuzungumza na wakubwa wa serikali bila kupiga magoti na bila kutukana. Wako watu wanaodhani kwamba viongozi hawa walizaliwa katika siasa. Sivyo. Walianzia katika mambo ya mishahara ya walimu, nyumba za walimu na vitabu vya kusomea, yale yale ambayo msomaji wa jarida hili atayakuta siku yake ya kwanza kazini.

Mwaka 1928 alimwoa Frieda Bokwe, ambaye naye alikuwa mwalimu, binti wa Mchungaji John Knox Bokwe, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za kanisa. Na katika miaka hiyo ya Adams, akiwa mkuu wa shule, na mume, kisha na baba, alijisomea sheria peke yake kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini. Mwaka 1930 alipata shahada ya sheria, Mwafrika wa kwanza kuipata katika nchi ile. Aliandikishwa kuwa wakili, na kwa muda mfupi alifanya kazi ya uwakili mjini Alice.

Ningependa msomaji asiupite upesi mwaka huo wa 1930. Mkuu wa shule ya bweni ana kazi tangu alfajiri hadi taa zizimwe. Kwa hiyo vitabu vya sheria vilisomwa katika masaa yaliyobaki, na masaa yaliyobaki ni machache, kama ajuavyo kila mwalimu wa milimani au tambarare ambaye amejaribu kujiendeleza huku madaftari ya watoto yakimngoja mezani. Tena hakukuwa na mwenzake wa kumwuliza. Njia ile haikuwa imepitwa na mwenziwe yeyote.

Mwaka 1933 alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka uliofuata akapata shahada ya pili. Tasnifu yake ilihusu sheria za Waafrika na ustaarabu wa magharibi katika Afrika ya Kusini, na jinsi mambo hayo mawili yanavyogongana. Kutoka huko alikwenda London kusoma anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu na mila zao, chini ya Bronisław Malinowski, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa elimu hiyo duniani kwa wakati ule. Katika darasa la Malinowski walipita Waafrika wengine pia, akiwamo Jomo Kenyatta.

Hapa habari zake zinagusa Afrika ya Mashariki, nasi tusizipite. Serikali ya Uingereza iliunda tume, chini ya uenyekiti wa Lord De La Warr, kuchunguza elimu ya juu ya Waafrika katika Afrika ya Mashariki na Sudan. Matthews aliteuliwa mwaka 1936 kuwa mjumbe. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1937, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikuzwe hata iwe chuo cha ngazi ya chuo kikuu. Vita vya pili vya dunia vilichelewesha mambo, lakini njia ilikuwa imeonyeshwa. Mwaka 1943 kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, aliingia Makerere kusomea ualimu. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 iliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kufanya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Tukumbuke pia kwamba chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha Sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Nchi iliyokuwa ikielekea uhuru iliona kwamba kabla ya mengine yote yatakiwa iwe na watu wake wanaoijua sheria.

Njia ya kati ya kusini na kwetu ilipitwa pande zote mbili. Yusuf Lule wa Uganda alisoma Fort Hare tangu 1936 hadi 1939. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa mkuu wa Makerere, na mwaka 1979 Rais wa Uganda kwa muda mfupi. Kutoka Kenya walikwenda Eliud Mathu na, baada yake, Charles Njonjo. Kwa kijana wa Afrika ya Mashariki wa siku zile, Fort Hare ilikuwa karibu kuliko Ulaya, nayo ilikuwa na walimu Waafrika.

Matthews alianza kufundisha Fort Hare mwaka 1936, naye akakaa huko karibu miaka 24. Somo lake lilikuwa anthropolojia pamoja na sheria na utawala wa wenyeji. Alipostaafu Profesa D. D. T. Jabavu, mwalimu Mwafrika wa kwanza wa chuo kile, Matthews alipewa uprofesa na uongozi wa idara ya masomo ya Kiafrika.

Somo hilo lilikuwa kisu chenye makali pande mbili. Serikali ya makaburu ilipenda sana sheria za wenyeji, lakini kwa sababu yake. Sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1927 ilimfanya Gavana Mkuu, mzungu, kuwa ndiye chifu mkuu wa Waafrika, na mila zikageuzwa kuwa uzio wa kuwatenga watu na sheria za nchi. Wanafunzi wengi walilichukua somo hilo ili waajiriwe kuwa makarani na wakalimani katika ofisi za mambo ya wenyeji. Mandela mwenyewe, alipofika Fort Hare mwaka 1939, alitumaini kuwa mkalimani. Hivyo profesa alitakiwa, kwa macho ya serikali, awatengeneze watumishi wa mfumo uliowakandamiza. Yeye aliyafundisha mambo yale yale kwa namna nyingine. Alikwenda kwa wazee wa Kirolong akakusanya mila za ndoa na historia yao, akayaandika katika majarida ya kitaalamu kwa uangalifu uleule ambao wengine waliuweka katika sheria za Warumi. Darasani hakuficha kwamba alipingana na siasa ya serikali juu ya watu weusi. Mandela alilikumbuka jambo hilo miaka mingi baadaye alipoandika habari za maisha yake.

Labda mwalimu mwanafunzi wa huku kwetu ataelewa vizuri zaidi akipewa mfano wa Upare. Chukua ndiva. Kila mtoto wa milimani aijua: bwawa linalojazwa maji ya kijito usiku kucha na kufunguliwa asubuhi ili maji yateremke kwa mifereji hadi mashambani. Nani afungue, nani apate zamu ya leo na nani ya kesho, ni adhabu gani kwa asiyekuja siku ya kuzibua matope. Hayo yote ni sheria, ingawa hayakupigwa chapa. Yanao mahakimu wake, yanao ushahidi na rufani. Mwalimu aweza kuyataja kama mambo ya kale, akayaacha. Aweza pia kuwatuma watoto wawaulize wazee wao, kisha darasani wayaandike ubaoni, wayalinganishe na sheria ndogo za kijiji, na wajiulize ni wapi yana haki na ni wapi hayana. Kwa mfano, kama mjane hupata zamu yake sawasawa na wengine. Njia ya kwanza ni ya makumbusho. Njia ya pili ndiyo kazi ya akili, nayo iko karibu na kazi aliyoifanya Matthews.

Wazee wetu walilijua jambo hilo kwa vitendo. Katika miaka ya 1940, Wapare walipotozwa kodi ya mbiru iliyopanda na kushuka kwa kukadiria mali ya mtu, walishuka kutoka milimani kwa maelfu wakakusanyika Same. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kuikadiria. Hoja yao ilikuwa ya kisheria. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka katika milima hii hii na ambaye naye alishika uongozi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandika habari hiyo, na kila mwanachuo anayefundisha wilayani Same yampasa kuisoma.

Turudi Alice. Matthews alijiunga na ANC mwaka 1940, na mwaka 1942 alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi wa Wenyeji, chombo cha serikali cha kutoa ushauri ambao serikali haikulazimika kuufuata. Hapa ndipo wasifu wake una doa machoni pa wengi. Vijana wa Umoja wa Vijana wa ANC, baadhi yao wakiwa wanafunzi wake mwenyewe, walitaka baraza hilo lisusiwe kabisa. Baada ya wachimba dhahabu kugoma mwaka 1946 na kupigwa na polisi, baraza lenyewe liliahirisha vikao vyake kwa kupinga, na Matthews alikuwa miongoni mwa walioongoza hatua hiyo; lakini hakujiuzulu hadi mwaka 1950. Kwa maoni yangu vijana walikuwa na haki. Miaka ile minne ilikuwa mirefu mno. Alikuwa mtu wa kamati na hoja, aliyeamini kwamba neno lililopangwa vizuri litasikilizwa na mtu mwenye akili, na alichelewa kukubali kwamba upande wa pili haukuwa ukisikiliza. Hata hivyo sharti tumpe haki yake: alipolikubali jambo, hakurudi nyuma.

Mwaka 1948 chama cha makaburu kilishika serikali, na mwaka 1953 kikapitisha sheria ya Elimu ya Kibantu. Shule za misheni zilinyang'anywa ruzuku au zikawekwa chini ya wizara ya mambo ya wenyeji. Adams, shule ya ujana wa Matthews, ilifungwa mwaka 1956. Mtoto Mwafrika aliandaliwa kwa kazi za mikono za daraja la chini, na mtalaa ulitungwa hivyo kwa makusudi. Yako mafunzo kwa mwalimu wa shule ya msingi katika jambo moja la sheria hiyo. Iliagiza watoto wafundishwe kwa lugha za mama zao katika shule yote ya msingi. Mtu akiisoma juu juu ataiona kama jambo jema, kwa kuwa sisi nasi, tangu miaka ya 1960, tumefundisha shule ya msingi kwa Kiswahili. Lakini tofauti yake ni kama usiku na mchana. Kwetu lugha moja ilichukuliwa ili mtoto wa Kipare, wa Kisukuma na wa Kimakonde wakutane. Kule lugha nyingi zilichukuliwa ili Mkhosa, Mzulu na Mtswana wasikutane, na ili wote wasimfikie mwenye mamlaka. Njia ya kufundishia haina wema wala ubaya peke yake. Hutegemea imewekwa hapo kwa kusudi gani.

Wakati sheria hiyo ikiandaliwa, Matthews alikuwa New York, profesa mgeni katika chuo cha theolojia cha Union, tangu 1952 hadi 1953. Huko nyuma maelfu ya watu walikuwa wakifungwa katika kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi. Aliporudi alikuwa Rais wa ANC katika Jimbo la Rasi, na katika mkutano wa jimbo uliofanyika Cradock mwezi Agosti 1953 alitoa pendekezo ambalo ndilo lililolipa jina lake nafasi katika historia: waitishwe wajumbe wa watu wa rangi zote, waandike wenyewe hati ya nchi wanayoitaka. Watu waliojitolea walizunguka vijijini na mijini wakikusanya matakwa ya watu, mengine yakiwa yameandikwa kwenye vipande vya karatasi. Tarehe 25 na 26 Juni 1955 wajumbe karibu 3,000 walikutana Kliptown, karibu na Johannesburg, wakaipitisha Hati ya Uhuru. Ukiitazama kwa macho ya mwalimu, utaona kwamba ni kazi ya mtafiti wa mila iliyopanuliwa ikawa ya taifa: kwenda kwa watu, kuwauliza, kuandika walichosema, na kukipanga.

Katika miaka hiyo ya katikati ya 1950 aliwahi pia kukaimu ukuu wa chuo cha Fort Hare, Mwafrika akiongoza chuo ambacho baraza lake lilikuwa la wazungu, katika nchi ambayo sheria yake haikutaka mweusi amwamuru mweupe. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mwaka 1955 chuo kilifungwa kwa muda kwa sababu ya machafuko ya wanafunzi, na mtu wa katikati hulaumiwa na pande zote mbili: wanafunzi humwona kuwa wa serikali, na serikali humwona kuwa wa wanafunzi.

Serikali ilionyesha upesi inamwonaje. Alfajiri ya tarehe 5 Desemba 1956 polisi walifanya msako nchi nzima. Watu 156 walishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo, na ushahidi mkubwa dhidi yao ulikuwa Hati ya Uhuru. Matthews alikuwamo. Mwanawe Joe, wakili kijana, alikuwamo pia. Profesa wa sheria aliketi sasa kizimbani Johannesburg, mbali sana na darasa lake, kwa miezi mingi, akisikiliza maandishi yake mwenyewe yakisomwa kama ushahidi wa jinai. Mashtaka dhidi yake yalifutwa mwishoni mwa mwaka 1958. Kesi iliendelea kwa waliobaki hadi Machi 1961, ambapo wote waliachiliwa huru.

Alirudi Fort Hare akakuta jambo lingine linamngoja. Mwaka 1959 bunge lilipitisha sheria mbili. Moja ilivifunga vyuo vikuu vya wazungu kwa wanafunzi weusi na kuanzisha vyuo vya makabila. Nyingine ilikihamisha chuo cha Fort Hare kutoka mikononi mwa baraza lake na kukiweka chini ya serikali tangu tarehe 1 Januari 1960. Kingekuwa chuo cha Wakhosa peke yao. Chuo ambacho Mtswana wa Kimberley, Mganda na Mkikuyu walikuwa wamesoma pamoja kilikuwa kikigeuzwa kuwa ua la kabila moja, na mkuu wake angeteuliwa na waziri.

Matthews alikuwa na miaka 58. Palikuwa pamebaki kama miaka miwili tu afikie kustaafu na kupata pensheni yake yote. Njia ya kubaki ilikuwapo kwa mtu ambaye angekubali kunyamaza. Mtu angeweza kumwonea huruma kama angekaa: alikuwa na mke na watoto, nyumba aliyokaa ilikuwa ya chuo, na kesi ya uhaini ilikuwa imemgharimu miaka miwili. Tena angeweza kujitetea kwa hoja nzuri kwamba ni heri wanafunzi wawe na mwalimu mmoja mwema kuliko wasiwe naye hata mmoja. Walimu wengi katika nchi nyingi wamejitetea hivyo, na si wote waliokuwa waongo. Yeye alijiuzulu. Pensheni ikapotea. Wenzake kadhaa walijiuzulu au walifukuzwa wakati huo huo, na walioshika nafasi zao walikuwa watu wa kuipendeza serikali.

Nimejaribu mara nyingi kulipima jambo hili pamoja na wanachuo, nao hugawanyika. Wengine huona kwamba aliwaacha wanafunzi. Nami huwaomba watazame tena miaka ile minne ya Baraza la Wawakilishi. Mtu huyu alikuwa amewahi kukaa ndani ya chombo kisicho na roho akitumaini kukitengeneza, na alijua kulikuwa na matokeo gani. Mwaka 1959 hakurudia.

Machi 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, ilitangazwa hali ya hatari, naye akawekwa kizuizini kwa miezi kadhaa bila mashtaka. Alipotoka aliishi kwa kazi yake ya uwakili. Kisha alikwenda Geneva kulitumikia Baraza la Makanisa Ulimwenguni katika kazi zake za Afrika, hasa misaada na wakimbizi. Tarehe 30 Septemba 1966 Botswana ilipata uhuru. Rais wake wa kwanza, Seretse Khama, alikuwa Mngwato aliyepata shahada yake Fort Hare mwaka 1944. Alimteua Matthews kuwa balozi wa nchi mpya huko Marekani na mwakilishi wake katika Umoja wa Mataifa. Hivyo mwana wa mchimba almasi aliiwakilisha nchi ya baba zake, na aliyemtuma alikuwa kijana wa chuo alichokitumikia.

Alifariki Washington mwezi Mei 1968, akazikwa Gaborone. Nchi aliyozaliwa ilikuwa bado mikononi mwa makaburu, na ingebaki hivyo kwa miaka 26. Watoto walioikimbia Elimu ya Kibantu baada ya Soweto mwaka 1976 walifika hadi kwetu, na tangu 1978 shule ya ANC huko Mazimbu, Morogoro, iliwafundisha kuanzia madarasa ya chini. Mjukuu wake, Naledi Pandor, binti wa yule Joe aliyekaa naye kizimbani, alikuwa mwalimu, na mwaka 2004 akawa Waziri wa Elimu wa Afrika ya Kusini iliyo huru.

Habari za maisha yake, alizoanza kuziandika mwenyewe, zilitoka kitabuni mwaka 1981, miaka 13 baada ya kifo chake. Aliyezihariri na kuongeza sehemu iliyobaki ni Profesa Monica Wilson, aliyewahi kufundisha pamoja naye Fort Hare. Mama huyo, kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, aliishi Rungwe pamoja na mume wake Godfrey akijifunza mila za Wanyakyusa, na vitabu alivyoandika juu yao vingali vikisomwa katika vyuo vyetu.